Cheti cha Maabara na Mashahidi Wanne

Darasa letu la wanawake hapa Tanga hukaa kwenye baraza ya madrasa baada ya sala ya Alasiri. Siku moja mwanamke kijana, mwenye mimba ya kwanza, alisubiri wenziwe wakusanye mikeka na kuondoka, kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, cheti cha hospitali ni shahidi?" Alikuwa ametoka kliniki. Walimpima, wakamkuta na kaswende. Mumewe alikwisha kumwambia arudi kwao, akakae na mama yake mpaka akumbuke aliipata wapi.

Nilimjibu kwa maneno machache ya kumtuliza, nikahakikisha amerudi kliniki kuchomwa sindano. Jibu refu ninaliandika leo, nikiwa na miaka 70, kwa sababu swali lile lilikwisha kuingia nyumbani kwangu kabla ya kumfikia yeye.

Mwaka 2009 wifi yangu alilazwa akisubiri upasuaji, nasi ndugu tukaambiwa tuchangie damu. Mume wangu akaenda pamoja na vijana wa ukoo. Hazikupita siku nyingi akaitwa arudi. Damu ya kuchangia haimfikii mgonjwa kabla ya kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na yake iliwekwa kando kwa hilo la mwisho. Alikuwa mtu wa miaka 58, mwenye wajukuu, anayeadhini msikitini kwetu muadhini akiugua.

Aliniambia baada ya Isha, watoto wa binti yetu wakiwa wamelala. "Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyokuwa akiniita tangu tuoane, "damu yangu wameikataa. Wanasema kaswende. Na wanasema nikupeleke nawe ukapimwe." Kile kikaratasi alikuwa amekikunja na kukikunja tena hata kikawa kama hirizi mkononi mwake. Hakuniapia kwamba hajapata kutoka nje ya ndoa, wala hakuniuliza lolote kunihusu mimi. Nilimwambia, "Haya bwana, kesho tutakwenda." Tukaenda, nikapimwa, na mimi nikakutwa nayo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kichwani mwangu. Yeye ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akikaa kambini miezi mizima, na maisha ya kambini tunayajua sisi tuliokulia Tanga. Nilikuwa na pa kuanzia kumshuku. Lakini na yeye alikuwa napo pa kuanzia. Mimi nilipata kuolewa kabla yake, nikiwa na miaka 19, ndoa ikavunjika haijamaliza mwaka wa pili, na mume yule wa kwanza hakuwa mtu wa nyumba moja. Kila mmoja wetu angeweza kumnyooshea mwenzake kidole, na kila kidole kingekuwa na hoja nyuma yake.

Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana wa makamo ya watoto wetu. Alitutazama wote wawili, akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Baba, Mama, mlikulia wapi? Kuna aliyepata kuugua buba utotoni?" Mume wangu alizaliwa vijijini upande wa Muheza. Mimi nilizaliwa Pangani, na marehemu mama alikuwa akinionyesha kovu kwenye muundi wangu na kunisimulia jinsi nilivyobebwa mgongoni, ningali mdogo, kupelekwa kwenye zahanati ya shamba la mkonge kudungwa sindano ya vidonda.

Wasomaji vijana huenda hawajui buba ni nini. Ni ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliowashika zaidi watoto wa vijijini kwenye joto na unyevu, ukipita kutoka ngozi hadi ngozi katika michezo yao. Hauhusiani kabisa na kitanda cha mtu na mkewe. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupiga vita katika nchi 46, wakawatibu watu wapatao milioni 50 kwa sindano ya pensilini. Mdudu wa buba na mdudu wa kaswende ni ndugu wa karibu mno. Wote wawili walitambuliwa mwaka uleule wa 1905: wa kaswende mjini Berlin, na Schaudinn na Hoffmann, wa buba katika kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Mtaliano Castellani. Ukiwatazama kwa hadubini hutawatenganisha, na vipimo vya kawaida vya damu navyo haviwatenganishi.

Si hilo tu. Mtu akiugua kaswende akatibiwa akapona kabisa, kipimo cha haraka kinachotafuta kinga za mwili dhidi ya mdudu yule kinaweza kuonyesha chanya mpaka siku anayoingia kaburini. Asiyetibiwa anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kidonda wala upele, akazaa, akalea, akazeeka. Na kuna kipimo kingine, cha kupima nguvu ya ugonjwa, ambacho mara nyingine hudanganywa na mimba yenyewe au na malaria. Kwetu sisi kiwango kilikuwa chini. Tabibu akasema hivi: "Hiki kinaniambia miili yenu ilipata kukutana na mdudu wa jamii hii. Hakiniambii lini, wala kupitia kwa nani. Mimi nawatibu kama kaswende ya zamani, kwa sababu dawa ni ileile."

Dawa ni pensilini aina ya benzathine, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Muuguzi huchanganya unga na maji, hukitikisa kichupa mpaka dawa iwe nyeupe na nzito, kisha huigawa makalio mawili kwa sindano nene. "Mzee, usikaze," alimwambia mume wangu, naye akashika ukingo wa kitanda na kusoma bismillahi kwa sauti. Nami nikafuata. Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukitembea polepole kama wazee tuliokuwa, na siku hiyo hakuna aliyeweza kukaa sawasawa wakati wa chakula.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini kuna jambo moja gumu zaidi ya sindano. Mtoto wetu wa pili, mwaka 1981, alizaliwa amekwisha kufa. Mimba ilikuwa imefika miezi minane. Alioshwa, akavishwa kitambaa cheupe, akazikwa bila kusaliwa, kama madhehebu yetu ya Shafi'i yanavyoelekeza kwa mtoto ambaye hakuonyesha dalili ya uhai. Nilimzika kwa imani kwamba Mwenyezi Mungu ameandika, nikanyamaza, na miaka ikapita. Sasa, miaka 28 baadaye, naambiwa na wahudumu wa afya kwamba kaswende isiyotibiwa ni moja ya sababu kubwa za watoto kufia tumboni. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na uwezekano wa kuwa na mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo ama alikuwa amelala pembeni yangu au nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilikesha na jambo hilo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mzima, na wawili waliomfuata yule marehemu wakazaliwa wazima, bila yeyote kati yetu kupata dawa. Kwa hiyo hata hapo ushahidi haukusimama: huenda ni kaswende, huenda sivyo. Hakuna maabara duniani iliyoweza tena kuniambia mwanangu alikufa kwa nini. Nilichokuwa nacho ni uchungu wa zamani uliopata kisingizio kipya, na niliona wazi kwamba uchungu huo ungefurahi kumpata mwenye hatia hata kama si yeye.

Katika hali hiyo nilirudi kwenye habari niliyoisomesha mara nyingi bila kuihitaji. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume (S.A.W.) akalalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, akiashiria kwamba mtoto si wake. Mtume akamuuliza kama ana ngamia. Anao. Rangi zao? Wekundu. Je, hakuna wa kijivu kati yao? Yuko. Huyo rangi ile kaipata wapi? Yule bwana akajibu kwamba labda ni asili ya zamani imemvuta. Mtume akamwambia basi huenda na mwanao asili imemvuta. Habari ikaisha. Mke hakuitwa, hakuapishwa, hakuulizwa alikuwa wapi.

Fikiri uzito wa jambo hili. Yule mtu alikuja na alama ya mwilini, kitu kinachoonekana kwa macho, kama vile cheti chetu kinavyosomeka kwa macho. Na Mtume, badala ya kuigeuza alama ile kuwa mashtaka, alimfundisha mwenye shaka kwamba mwili una historia ndefu kuliko ndoa yake. Ngamia wa kijivu kati ya wekundu ni jambo linaloeleweka kwa mfugaji. Kovu la buba kwenye muundi wa mtoto wa Pangani ni jambo linaloeleweka kwetu.

Hili halisimami peke yake katika dini. Surat Nur, aya ya 4, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne, na asiyewaleta inamwekea bakora 80 na kuukataa ushahidi wake. Mume asiye na mashahidi ana njia ya liani, ya viapo na laana mbele ya kadhi, ambayo mwisho wake ni kutengana, na mke anaikinga adhabu kwa viapo vyake mwenyewe. Tazama ugumu wa njia zote hizo. Kama Mola angetaka tuhuma ya zinaa iwe jambo rahisi, angeridhika na dalili moja. Surat Hujurat nayo, aya ya 12, inatukataza dhana nyingi na inatukataza kupelelezana. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba msafiri alikatazwa kuwaingilia watu wa nyumbani kwake usiku kwa kuwashtukiza, akitafuta kuwakamata na makosa. Na mafakihi wana kanuni tunayoitumia hata katika udhu: jambo la yakini haliondolewi na shaka. Aliyejua ana udhu, kisha akashuku kama umetenguka, anao bado. Mimi nilikuwa na yakini ya miaka 31 ya mtu aliyeamka nami alfajiri, aliyeniuguza, aliyelea watoto wangu. Upande wa pili kulikuwa na kikaratasi kisichojua mwaka.

Basi cheti ni shahidi wa nini? Ni shahidi wa maradhi. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na ninausema kwa wote, wanaume na wanawake: maradhi ni haki ya mwenzio kuyajua, siku hiyohiyo, bila kupindisha. Yaliyotokea zamani, kabla ya toba na kabla ya ndoa, ni baina ya mtu na Mola wake, na hakuna mwenye haki ya kuyachokonoa kwa sababu tu amepata karatasi mkononi.

Mambo haya mawili watu huyachanganya, na kuchanganya huko kumeleta madhara pande zote. Kuna wanaoficha maradhi wakiita sitara. Hiyo siyo sitara. Mtume ametukataza kudhuru na kudhuriana, na Imam Nawawi ameiweka hadithi hiyo miongoni mwa Arubaini zake kwa sababu nusu ya muamala wetu inasimama juu yake. Mume anayejua ana kaswende akameza dawa kimya kimya mjini na kurudi kwa mkewe mjamzito, amemdhuru mkewe na amemdhuru mtoto ambaye pensilini ingemfikia tumboni kwa wakati. Hata sheria ya nchi imeliona hili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyepimwa akajijua ana virusi amwarifu mwenza wake mara moja. Haimtaki amtajie alivipata kwa nani. Nadhani waliotunga kifungu kile waliona tofauti ileile ninayoisema.

Upande wa pili wapo wanaoudai ukweli wote, kila jina na kila mwaka, na kusema bila hivyo hakuna msamaha. Hao nawakumbusha habari ya Maiz, aliyekuja kukiri zinaa mbele ya Mtume, na Mtume akampa mgongo tena na tena. Yule Hazzal aliyemhimiza aende akakiri aliambiwa kwamba kama angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa heri kwake. Ikiwa Mtume mwenyewe alimgeuzia uso anayekiri kwa hiari, mimi ni nani nimkamate mume wangu wa miaka 31 na kumbana mpaka akiri?

Najua kuna dada anayesoma haya na moyo unamchemka. Anasema: hivyo ndivyo tunavyoambiwa siku zote, mwanamke nyamaza, mwanamke sitiri, huku yeye anaendelea kutoka usiku. Dada yangu, sikwambii hivyo. Nilichosema kinahusu yaliyopita. Anayeendelea hajasitiriwa na hadithi yoyote niliyoitaja, kwa sababu kila anaporudi anaweza kuleta madhara mapya, na madhara unayo haki ya kuyazuia: kujitenga naye kitandani mpaka atibiwe, kudai mpira, kuwaita wazee wa pande mbili, kwenda BAKWATA, na ikibidi kuomba kujivua katika ndoa. Imam Ghazali, katika kitabu cha ndoa ndani ya Ihya, ameiweka ghera, yaani wivu wa ndoa, mahali pa kati: mtu asipuuze mwanzo wa jambo linaloogopwa, wala asipitilize katika dhana mbaya na kupekua. Kumwambia mwanamke asione kilicho mbele ya macho yake ni kupuuza, na walimu wa dini tukifanya hivyo tunashiriki dhuluma.

Na lazima niseme ukweli wa upande huo pia: si kila jibu la maabara ni bubu kuhusu wakati. Kisonono kwa mwanamume kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku chache tu, kwa usaha na maumivu ya mkojo, na mke aliyekaa nyumbani mwaka mzima ana sababu ya kuuliza maswali. Lakini homa ya ini B, wengi wa walio nayo hapa Afrika waliipata utotoni. Virusi vya papiloma, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo kabla hujauliza "nani", muulize tabibu "ugonjwa huu unasema nini na hausemi nini". Kutojua jambo hilo kumevunja nyumba ambazo hazikuwa na kosa.

Jambo linaloniuma zaidi ni mpangilio wenyewe wa upimaji. Mwanamke ndiye anayekwenda kliniki akiwa na mimba, kwa hiyo mwanamke ndiye anayepimwa, kwa hiyo mwanamke ndiye anayerudi na habari. Aliyejua wa kwanza anageuka kuwa aliyeleta. Yule binti wa darasani hakuwa na kosa lolote lililothibitika isipokuwa kwamba alihudhuria kliniki kama alivyotakiwa. Mumewe hakuwa amepimwa hata mara moja. Alitoa hukumu kwa damu ya mtu mwingine, na yake mwenyewe hakuijua. Nilimfuata nyumbani kwake pamoja na shangazi wa mwanamume huyo, nikamwambia neno moja tu: "Mwanangu, nenda kapimwe kisha tuzungumze." Alikwenda. Naye alikutwa nayo. Nani alianza, mimi sijui, na wao hawajui, na binti alirudishwa nyumbani akajifungua salama baada ya wote wawili kumaliza dawa.

Mume wangu alifariki miaka kadhaa iliyopita kwa maradhi ya moyo. Hatukupata kuulizana. Watu niliowasimulia wamenisifu kwa subira, na wengine wameniambia niliogopa jibu. Sina haja ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba ile wiki ya sindano ya mwisho aliniambia, tukiwa njiani, "Mwalimu, kama ni mimi, nisamehe," nami nikamjibu, "Na kama ni mimi, nawe nisamehe." Kila mmoja akasema nimesamehe. Mtoto wetu wa 1981 alikuwa ndani ya maneno hayo, ingawa hakuna aliyemtaja.

Mashehe wangu mnaofungisha ndoa na kutoa hotuba za Ijumaa, nawaomba mliseme jambo hili mimbarini, kwa jina lake, kaswende. Waambieni wanaume kwamba hudhurio la kwanza la kliniki ni lao pia, na kwamba wasimwache mke apange foleni peke yake na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema mume hayupo ilhali yupo. Nendeni wawili. Mchomwe kidole wawili, mkae benchi moja kusubiri, na msomewe majibu mkiwa chumba kimoja, ili asiwepo kati yenu aliyejua kabla ya mwenzake.